Povu Juu ya Kidimbwi cha Babu

Masika ya 1994 nilikuwa kwa Babu, Morogoro, mahali ambapo ukifungua mlango tu unakutana na milima ya Uluguru. Nyuma ya nyumba alikuwa amejenga kidimbwi cha saruji cha kumwagilia mchicha na matembele. Tawi la mpera lilipita juu ya maji yake, na asubuhi moja tulikuta donge la povu jeupe limening'inia, kubwa kuliko ngumi ya mtu mzima.

Bibi akashika ufagio. Babu akamzuia: "Mama Zuhura, liache. Humo mna watoto wa chura."

Alikuwa mstaafu wa reli, na mapovu hayo aliyaona mara nyingi kwenye vituo vya porini. Akanieleza kuwa usiku jike hupanda tawini, hutoa majimaji na kuyapigapiga kwa miguu ya nyuma mpaka yaumuke, madume nayo yakisaidia, kisha mayai hubaki katikati. Jua hukausha ganda la nje, ndani kunabaki na unyevu, na samaki hawawezi kuyafikia. Ukubwani nilisoma kwamba wataalamu humwita chura huyo Chiromantis xerampelina. Mmoja tulimkuta ukutani juani, amejikunyata, mweupe kama chokaa. Hivyo ndivyo anavyopunguza joto la mwili.

Siku chache baadaye povu likalainika upande wa chini. Viluwiluwi wakaanza kudondoka majini, mmoja mmoja, kisha kwa mafungu, na Babu akaniita kwa sauti kubwa ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kanisani wala sokoni.

Tatizo likawa bata wa Bibi. Walilizoea dimbwi lile, na bata hakopeshi kitu kinachocheza majini. Nikakabidhiwa ufito, nikawa mlinzi kila nitokapo shule.

Kukaa pale ndiko kulikonifundisha kuangalia. Viluwiluwi walikwangua utando wa kijani kwenye saruji mchana kutwa. Miguu ya nyuma ilianza kama vinundu viwili, ikarefuka polepole hadi ikapata vidole. Ya mbele haikufanya hivyo. Ilikuwa ikikua chini ya ngozi, unaona kivuli chake tu, halafu ghafla kiwiko kinapenya na mguu mzima uko nje. Nilimshuhudia mmoja akitoa wa kushoto huku wa kulia bado umefungwa, akawa anaogelea upandeupande. Kwangu hakuna nililowahi kuona shuleni lililokuwa zuri kiasi kile.

"Sasa huyu hali," Babu alisema. "Mdomo unajengwa upya, na tumbo pia. Anaishi kwa mkia wake." Kweli mikia ikawa inafupika, na wao wakaanza kupanda mawe, pua nje ya maji, wakipumua kwa mapafu mapya.

Walitoka jioni, mvua ya rasharasha ikinyesha. Ukingo wa saruji ulijaa vyura wadogo kuliko ukucha wa kidole gumba, wengine bado na vipande vya mikia. Bibi akaja na kandili, akainama, akawatazama muda mrefu.

"Baba Zuhura," akasema, "kesho bata hawatoki bandani. Na wewe mjukuu wangu, sogea, usije ukawakanyaga."