Siku Moja Maishani Mwangu: Injini ya Hiace Ndani ya Mashua

Saa 12 asubuhi. Nafika Sahare, hapa Tanga, maji yanapwa. Ni bamvua, siku za maji kujaa sana na kupwa sana, kwa hiyo kufikia saa 4 mashua itakuwa imekaa mchangani kabisa, na saa 10 alasiri itaelea tena. Kila kinachohusu chini ya chombo lazima kiishe kati ya hapo. Nahodha alitaka tuanze saa 3, baada ya chai. Nikamwambia, "Nahodha, na wewe wa kukumbushwa maji?" Akacheka, akavua viatu.

Injini ni 3L ya Toyota, dizeli ya sentimita za ujazo 2,779, imetoka kwenye Hiace iliyopinduka. Haina kompyuta, na spea zake ziko kila mji. Ya petroli siipokei: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo, na stata ikitoa cheche moja hakuna wa kusimulia.

Saa 2. Injini tulishaishusha jana juu ya magogo ya mvule. Leo ni kuipoza, na hapo ndipo penye kazi. Kwenye gari kuna rejeta na upepo wa barabarani. Humu imefungiwa ndani ya boksi la mbao. Wapo mafundi wanaovuta maji ya bahari moja kwa moja hadi kwenye bloku. Ni rahisi, na bloku zinakufa hivyo hivyo kirahisi: chumvi inagandamana kwenye njia za maji, kutu inamalizia. Wenzetu wa Ziwa Victoria wana nafuu.

Mimi nalaza bomba la shaba nje, ubavuni mwa mkuku, ule uti wa chini wa mashua, kwenda na kurudi. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanazunguka humo kwa pampu ile ile ya Hiace, bahari inayapoza kwa nje bila kugusa injini. Saa 4, maji yakiwa mbali, tunatoboa mbao, kijana wangu anakalafati, anaziba nyufa, kuzunguka bomba. Nafunga na kipande cha zinki karibu na shafti, kiliwe na maji ya chumvi chenyewe badala ya rafadha, lile panga linalozungushwa na shafti kusukuma mashua.

Saa 7. Tumeswali, tumekula wali. Giaboksi nayo ni ya Hiace. Tutatumia gia ya 4, inayozungusha shafti sawa na injini, pamoja na rivasi. Shida ni kwamba rafadha ikisukuma maji nyuma, shafti yote inasukumwa mbele, na beringi za giaboksi ya gari hazikutengenezwa kubeba mzigo huo. Kwa hiyo nafunga beringi ya msukumo peke yake kwenye boriti, nguvu iishie kwenye chombo. Giaboksi ya boti ingepunguza mizunguko pia, tukafunga rafadha kubwa zaidi. Nahodha aliposikia bei yake akabadilisha mazungumzo.

Saa 10. Imeelea. Sasa napima flenji za shafti, zile sahani mbili zinazoiunganisha na giaboksi. Mchangani nilishazipanga, lakini mashua ya mbao ikielea hubadilika umbo. Napitisha katikati yake fila, bapa la kupimia nafasi, ya milimita 0.1: juu inabana, chini inacheza. Nalegeza bolti za nyuma ya injini, natia shimu, kipande chembamba cha kuinulia, napima tena. Kijana ameshachoka. "Fundi, si hapo hapo tu?" Hapana. Tofauti hiyo ndiyo inayokula beringi na pakingi, ile inayoziba maji pale shafti inapotokea nje.

Saa 11. Tumesogea kwenye kina, tumetia nanga, tunawasha. Barabarani injini hupumzika kwenye mteremko. Baharini ni kupanda Mombo hadi Lushoto bila kufika. Mshale wa joto unapanda mpaka katikati, unasimama. Nahodha anachungulia nyuma. "Fundi, panavuja." Ni pakingi ya shafti, inadondosha tone moja moja. Namwambia aiache. Maji hayo ndiyo yanayoilainisha. Ikikauka kabisa, shafti inaungua.

Anauliza kama anaweza kutia gia ya 5 akiwa na haraka ya Pemba. Gia hiyo inazungusha shafti kwa kasi kuliko injini; atapata moshi mweusi, mwendo hataupata. Kesho naweka kizuizi kwenye wenzo wa gia, maana namjua. Na ekzosi bado haijavikwa kinga ya joto, imepita karibu mno na mbao. Honi ya Hiace nayo anaitaka. Hiyo haikuwemo kwenye makubaliano.