Tairi la Wiki ya 37

Mpwa wangu, yule wa Kangemi, alinitumia picha juzi usiku. Ubavu wa tairi, vumbi, na ndani ya kiduara kirefu tarakimu nne: 0819. "Mjomba, hii ni nini? Mwenye duka anasema ni namba ya kiwanda tu. Ananipunguzia mia sita nikichukua leo." Nikamjibu kwamba hiyo ni wiki ya 8 ya mwaka 2019, yaani tairi lilitoka kiwandani Februari ya mwaka huo, na kwamba asilipe hata shilingi kabla ya kulikunja na kutazama katikati ya meno. Akasema sawa. Mimi usingizi ukaniruka, maana nilimkumbuka yule kijana wa Kirinyaga Road, Nairobi, ile barabara ambayo bado tunaiita kwa jina lake la zamani, Grogan.

Ilikuwa Aprili 2015, mvua imeshika. Kaka alikuwa bado na ile pikipiki yake ya Boxer, na tairi lake la nyuma lilikuwa limebaki kipara katikati, meno yamesalia pembeni tu. Jumamosi hiyo nilitoka kazini saa sita, tukakutana Ngara, tukashuka kwa miguu. Tulizunguka maduka mengi. Kwingine saizi yetu, 3.00-17, hakuna, kwingine ziko lakini bei haishikiki, kwingine unaambiwa ngoja kijana aende stoo na kijana harudi. Hayo sina haja ya kuyasimulia. Anayeijua Grogan anaijua.

Tuliishia kwa mama mmoja ambaye duka lake lilikuwa dogo lakini matairi yamejaa mpaka kwenye baraza, yametundikwa kwenye misumari, jua la asubuhi linayapiga mpaka saa sita. Alitushushia mawili. Kampuni moja, saizi moja, meno ya mtindo mmoja. Moja elfu mbili mia tatu, jingine elfu moja mia sita.

"Mama, mbona hii imeshuka hivi?" kaka akauliza.

"Hiyo ni stoki ya zamani kidogo, kijana wangu. Lakini ni mpya. Haijawahi kuguswa na barabara."

Hakuwa anadanganya. Tairi lilikuwa na vile vinywele vyake vyote vya mpira, vile vinavyotoka nalo kiwandani na kulika siku za kwanza za kutembea. Lilikuwa bado limezungushiwa utepe wa nailoni kutoka mwanzo hadi mwisho. Ungelitazama kwa mbali ungeapa limefika jana.

Kaka akaomba wembe. Mama akasita, kisha akamtolea kutoka kwenye droo. Namkumbuka kaka vizuri sana dakika ile: amechuchumaa kwenye kizingiti, helmeti imening'inia kwenye kiwiko, anakata nailoni polepole asije akaukwaruza mpira ambao hajaununua. Ubavu wa kwanza haukuwa na kitu, kwa sababu mara nyingi tarehe hupigwa upande mmoja tu. Akaligeuza. Upande wa pili, ule uliokuwa umetazama ukuta, akapangusa vumbi kwa kidole gumba. 3708. Wiki ya 37, mwaka 2008. Tairi lilikuwa linakaribia miaka saba na halijawahi kubeba abiria hata mmoja.

Hakusema neno. Alilishika kwa mikono miwili, akalikunja kwa nje kwa nguvu mpaka mabega yakapanda, ili meno yaachane. Pale chini, kwenye mifereji, mahali ambapo jicho halifiki tairi likiwa limetulia, mpira ulifunguka mipasuko midogo midogo kama ya kisigino cha mtu anayetembea peku. Akaliachia, mipasuko ikafungika, tairi likawa jipya tena. Akalikunja tena, akaniita: "Tazama." Nikatazama. Akachukua ukucha akaudidimiza ubavuni. Haukuacha alama. Akafanya vivyo hivyo kwa lile la elfu mbili mia tatu, lililoandikwa 4914, na ukucha ukaacha mstari mwembamba uliokaa kidogo kabla ya kupotea.

Mama alikuwa ametusogelea. Hakukasirika, na ningependa hilo lijulikane. Alizungumza kama mtu anayeamini anachosema. "Mpira hauozi, kijana wangu. Nenda hapo Kariokor ukaone akala. Zimekatwa kwenye tairi zilizokwisha kabisa, na watu wanazivaa miaka na miaka. Mbona hazipasuki?"

Hoja yake ilinikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu ni kweli. Akala hudumu. Lakini akala haiombwi kushika lami iliyolowa kwenye kona, pikipiki imelala upande, na nyuma kuna mama aliyembeba mtoto. Tairi huombwa hilo kila siku. Mpira unaweza kuwa mzima kabisa wa kutembelea na usiwe mzima wa kushika. Mpira mgumu hauzami kwenye vijishimo vya lami, unapita juu yake, na mvua ikiongezeka ndipo unajua.

Baadaye niliuliza na kusoma sana kuhusu jambo hili, zaidi ya ilivyonihusu. Kinachouzeesha mpira ni hewa yenyewe: oksijeni inauingia na kuugeuza polepole, na joto na jua huharakisha kazi hiyo. Kisha kuna ozoni, ambayo hupasua mpira pale unapovutwa. Ndiyo maana watengenezaji wanashauri matairi yawekwe mahali penye giza, pakavu, pa baridi, mbali na mota za umeme na mashine za kuchomelea vyuma, kwa sababu cheche zake huzalisha ozoni. Sasa fikiria Grogan. Upande wa pili wa barabara wachomeleaji watatu, genereta inanguruma mlangoni, jua barazani. Tairi lile halikuwa limelala miaka saba. Lilikuwa limefanya kazi miaka saba.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ndani ya mpira huchanganywa nta na dawa za kuulinda, nazo hupanda juu tairi linapozunguka na kujikunja. Tairi linalotembea hujipaka lenyewe. Lililotundikwa msumarini halipati nafasi hiyo kama lile lililo barabarani. Kwa hiyo miaka peke yake haisemi kila kitu, na anayekuambia tairi la miaka minne ni takataka anakosea sawa na anayekuambia mpira hauozi. Lililokaa miaka minne kwenye stoo ya giza, limefunikwa, laweza kuwa bora kuliko la miaka miwili lililoanikwa dirishani. Michelin, kwa mfano, husema tairi likishatumika miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi tangu kutengenezwa litolewe hata kama meno bado yapo. Mimi hiyo miaka kumi siitumii kama ruhusa. Kwa pikipiki, ambayo ina matairi mawili tu ya kuitegemea, naangalia mipasuko kwanza, ndipo nahesabu miaka.

Narudi barazani.

Kulikuwa na kijana amesimama nyuma yetu muda wote huo, jaketi la rifleksa limepauka, tyubu mpya mkononi. Alikuwa amesikia yote na kuona yote. Kaka alipoliweka chini lile la 3708 na kusema tutachukua la bei kubwa, kijana akaliinua. Akalikunja kama alivyomwona kaka akifanya. Akaiona mipasuko. Akauliza, si mama, bali kaka: "Mkubwa, nikiichukua hii nitaanguka?"

Kaka alikaa kimya. Watu walipita katikati yetu na mikokoteni, mtu akapiga kelele "mguu, mguu," tukabana ukutani, na bado alikuwa kimya.

"Una ngapi?" hatimaye akauliza.

"Elfu moja mia sita na pesa ya mafuta. Pikipiki si yangu. Jioni mwenyewe anataka mia tatu zake."

Sijawahi kuona swali linamlemea kaka yangu namna ile, na tumezika wazazi wote wawili pamoja. Angesema ndiyo, kijana angerudi barabarani na lile alilokuwa nalo, ambalo tuliliona: limeisha mpaka nyuzi zinachungulia. Angesema hapana, angekuwa amemdhaminia kitu ambacho yeye mwenyewe amekikataa muda mfupi uliopita. Mimi nilikuwa nimeshamwongezea kaka mia tano zangu ili tufikie ile elfu mbili mia tatu. Mifukoni tulibaki na nauli.

"Hilo ulilonalo ni baya zaidi," akamwambia. "Lakini nisikilize. Upepo usiache ushuke, pima kila asubuhi, mpira mkavu ukikosa upepo unajikunja na kupasuka haraka. Kila Jumapili litazame kati ya meno. Mipasuko ikianza kuonekana bila kulikunja, litoe. Na mvua ikianza tu, ile dakika ya kwanza mafuta ya magari yanapopanda juu ya lami, jikinge kwenye kituo cha mafuta, usibebe mtu mpaka ioshe barabara. Umenisikia?"

"Nimesikia, mkubwa."

Akalipa. Akalivaa tairi begani, likapotea na yeye kuelekea mtoni. Sisi tukaenda kwa fundi wa pembeni, akafungua, akatia tyubu, akafunga, akajaza upepo. Kaka hakuongea mpaka tulipofika mzunguko wa Globe.

Desemba hiyo hiyo tulimkuta kijana yule kwenye kituo cha mafuta pale Waiyaki Way. Yeye ndiye aliyetutambua. Alicheka kwa furaha ya kweli, akamwonyesha kaka gurudumu la nyuma. Lilikuwa lile lile, na meno ya katikati yalikuwa yamekwisha kwa kazi, si kwa uzee. Boda ya siku nzima hula tairi la nyuma ndani ya miezi. Lilikuwa limemfikisha. Kisha akasema, kwa namna ya mtu anayetaja jambo dogo, kwamba siku moja lilimtelezea kwenye mzunguko, mvua nyepesi, abiria mmoja nyuma. Akaweka mguu chini, pikipiki ikasimama, hakuna aliyeumia. "Ilikuwa mafuta ya lori," akasema.

"Ilikuwa tairi," kaka akaniambia tulipoondoka.

Nimelitafakari hilo kwa miaka na siwezi kuamua. Ingeweza kuwa mafuta. Ingeweza kuwa tairi. Ingeweza kuwa vyote viwili, na pikipiki yenye tairi la wiki ya 49 nayo ingeteleza pale pale. Ninachoshikilia ni kwamba kijana hakuwa na chaguo la tatu mbele yake siku ile, na aliambiwa ukweli kabla ya kulipa. Kaka hashikilii hivyo. Yeye husema tulipaswa kurudi ndani na kumwomba mama apunguze lile jipya, kwamba hatukujaribu hata kuuliza.

Mwaka uliofuata kaka alisimama kwenye mkutano wa steji yao ya boda akapendekeza kila mtu atoe hamsini kwa wiki, mfuko wa matairi. Walibishana jioni tatu, kisha ukapita. Mama anayewauzia chai ndiye mweka hazina. Mtu hakopeshwi tairi zima, hukopeshwa ile tofauti ya bei, mia sita, mia saba, analipa kidogo kidogo. Sharti ni kulileta steji kabla halijafungwa, kaka alikunje mbele ya wenzake wote wakitazama.

Mfuko unafanya kazi, karibu mwaka mzima. Januari, shule zikifunguliwa na kila mzazi anatafuta ada, mfuko hukauka, na wachache huenda peke yao Grogan kununua kinachofika bei yao. Kaka huwajua kwa sababu hawapiti steji na tairi mkononi. Huwafuata, huwagombeza. Wanamwuliza kilo ya unga itoke wapi, naye hutoa alichonacho mfukoni, wakati mwingine inatosha, wakati mwingine haitoshi.