Kijidudu cha rangi ya zambarau

Mwanangu alikuwa na miaka sita alipojikwaruza goti akicheza na wenzake kwenye dimbwi la mvua za masika, upande wa Sabaki. Nilimsafisha kwa maji ya chumvi, nikasahau. Siku ya tatu mwili ulikuwa moto, goti limevimba na mtoki umemtoka kinenani. Zahanati ya kwanza walimpima malaria, hawakuiona, na bado wakampa dawa ya malaria. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Hospitali tuliyokwenda baadaye, daktari alimtoa damu ya kuotesha, yaani ya kukuza vijidudu maabara wajulikane ni wa aina gani, kabla ya kumchoma sindano yoyote. Baada ya siku mbili akaniita maabara. Ndani ya kisahani chenye kifuniko niliona madoa ya zambarau iliyokoza, kama wino uliodondoka. Kijidudu hicho ni Chromobacterium violaceum, makazi yake ni udongo na maji yaliyotuama kwenye nchi za joto. Watu hukanyaga matope yake umri wote wasidhurike, lakini kikishaingia kwenye damu huua upesi, na dawa nyingi za jamii ya penisilini hakizisikii. Walimbadilishia siprofloksasini.

Kisha akaniuliza: "Mama, kwenu hakuna mtoto wa kiume aliyekufa akisumbuliwa na majipu?"

Yupo. Kaka yangu, alikuwa na miaka minne. Watu walisema ni jicho, na mamangu hakutaka azungumzwe. Nikakumbuka pia tezi ya kwapani iliyotunga usaha baada ya mwanangu kuchanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu yenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, nikaambiwa itapoa yenyewe.

Damu yake ilipelekwa Nairobi. Ni ugonjwa sugu wa granuloma: chembe nyeupe zake humeza vijidudu, ila hazitengenezi sumu ya kuviua. Kwa aina yetu mimi ndiye niliyeubeba, na kila mtoto wa kiume nitakayemzaa ana nusu kwa nusu ya kuurithi.

Tangu hapo anakunywa Septrin kila siku, pamoja na itrakonazoli ya kuzuia ukungu. Madimbwi na samadi ni marufuku. Baharini daktari amemruhusu. Kazi iliyonisumbua zaidi ni makuti. Jirani akiteremsha makuti makuukuu, vumbi lake lina ukungu, kwa hiyo namhamishia kwa shangazi yake hadi paa liishe kuezekwa na uwanja ufagiwe. Mwanzoni majirani waliona namdekeza.

Homa ikifika 38 tunaondoka saa hiyo hiyo, hata usiku. Daftari lake liko kwenye mkoba wangu, ukurasa wa kwanza nimeandika kwa herufi kubwa: OTESHENI DAMU KABLA YA SINDANO. Kuna muuguzi mmoja alikasirika. Nilimwambia, "Dada, soma kwanza," akasoma, akaenda kuleta chupa ya kuoteshea damu.

Mwaka jana nilijifungua mwengine, wa kiume. Kabla hajafikisha siku moja nilikuwa nimeshawaomba wauguzi wasimchome BCG mpaka majibu yake yarudi. Yalirudi mazuri. Mamangu ndiye aliyempeleka kuchanjwa.