Gesi ya kupasha joto gari la kulala: usiku wa Timboroa na hewa yake nyembamba

Ukitoka Kisumu alasiri, mita 1,131 kutoka usawa wa bahari, ukapanda Kericho na Londiani hadi Mau Summit, kisha ukashika njia ya Eldoret, giza litakukuta Timboroa, mahali palipopita mita 2,700. Huko, na kule Molo pia, alfajiri za Julai zinaweza kukuta nyasi zimepauka kwa jalidi. Hiace iliyong'olewa viti ikawekwa kitanda haina kitu zaidi ya bati na vioo kati ya anayelala na baridi hiyo.

Swali linaloulizwa kwanza huwa ni gesi gani inunuliwe. Majibu mengi yanayosomwa yameandikwa na watu wa Ulaya, na yote husema propeni, si buteni, ile gesi nyingine ya mitungini. Kwao wana haki. Buteni huacha kugeuka mvuke ikifika kama nyuzi sifuri, ilhali propeni huendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtu anayelala kwenye theluji na mtungi wa buteni ataamka mtungi ni mzito na jiko haliwaki. Lakini gesi ya mitungi yetu ni mchanganyiko wa zote mbili, na baridi ya nyanda za juu za Bonde la Ufa ni ya nyuzi chache juu ya sifuri. Tena mwinuko wenyewe unasaidia: shinikizo la hewa la Timboroa ni kama 72% ya lile la pwani, na kimiminika huchemka mapema pale hewa inapokandamiza kidogo. Buteni inayokwama karibu na nyuzi sifuri Mombasa, ukipiga hesabu, Timboroa ingekwama karibu na nyuzi 9 chini ya sifuri. Kwa hiyo hofu ya gesi kuganda iweke kando. Kinachohatarisha watu kwetu ni hewa: ile inayolisha moto na ile inayotoka kwenye moto.

Kuna hali moja tu ambapo mtungi wa hapa huzimia kwa baridi. Propeni hutangulia kutoka kwa sababu ni nyepesi kugeuka mvuke, hivyo mtungi unapokaribia kuisha kilichobaki chini ni buteni karibu yote. Wakati huohuo kimiminika kinachogeuka mvuke hunyonya joto kutoka kwenye chuma chenyewe. Hita kubwa inayokula gramu 300 kwa saa, ikifungwa kwenye mtungi wa kilo 6 ulio robo, itaupoza mpaka ushike umande, halafu barafu, na moto unyong'onyee saa tisa usiku. Hita ndogo ya kilowati 1, inayokula kama gramu 80 kwa saa, haiutikisi mtungi huo. Dawa ni kupunguza mzigo au kutumia mtungi wa kilo 13, wenye chuma kipana zaidi cha kupokea joto la nje. Usiupashe mtungi kwa jiko, mshumaa wala maji yanayochemka. Na usiulaze ubavu ukidhani unausaidia. Ukiulaza, kimiminika chenyewe kitaingia kwenye regulata, na lita moja ya kimiminika hufura kuwa zaidi ya lita 200 za mvuke.

Kwa gari la ukubwa wa Hiace ningechagua mitungi miwili ya kilo 6 kuliko mmoja wa kilo 13, mmoja ukitumika na mwingine ukingoja. Inabadilishwa kirahisi Nakuru, Kericho, Eldoret na Kitale, na haihitaji kisanduku kirefu. Kujua kilichobaki, tumia mizani ya kuning'iniza: uzito wa mtungi mtupu umepigwa mhuri kwenye chuma, toa huo, kinachobaki ni gesi. Kutikisa mtungi ni kubahatisha.

Nunua kwa muuzaji wa kampuni yenye mtungi, na hakikisha lakiri haijaguswa. Ujazaji wa kumimina kutoka mtungi mkubwa hadi mdogo nyuma ya duka una ubaya ambao wasafiri wa milimani wanapaswa kuuelewa vizuri. Mtungi hujazwa kimiminika hadi 80% tu, na nafasi iliyobaki ni ya kufura. Propeni ya kimiminika hufura karibu 0.3% kwa kila nyuzi moja ya joto. Mtungi uliojazwa kupita kiasi kwenye baridi ya Molo, ukateremshwa kesho yake hadi Marigat kwenye nyuzi 35, unapandishwa joto nyuzi 25 au zaidi. Kimiminika kinahitaji kama 7% ya nafasi ambayo haipo.

Hita yenyewe

Hapa ndipo pesa iende. Ndani ya gari la kulala inafaa hita ya aina moja tu: ile ambayo chumba chake cha moto kimefungwa kabisa, inavuta hewa ya kuunguza kutoka chini ya gari na kutoa moshi nje kwa bomba la chuma lisiloshika kutu, huku feni ya volti 12 ikizungusha hewa ya ndani juu ya chuma kilichopata moto. Moto na pumzi yako havikutani. Hita hizi huagizwa kutoka nje na bei yake inauma, lakini hakuna njia ya mkato inayoweza kuchukua nafasi yake.

Zile hita za kabati zenye vigae vyekundu, zinazomeza mtungi wa kilo 13 mgongoni, zimetengenezwa kwa ajili ya sebule yenye madirisha. Nyingi hutoa kilowati 4.2 zikiwashwa vigae vyote vitatu. Piga hesabu ndani ya Hiace yenye nafasi ya mita 9 za ujazo, imefungwa, iko Timboroa. Hewa yote mle ina oksijeni isiyofika kilo 2. Kila kilo ya gesi huhitaji kilo 3.6 za oksijeni ili iungue. Hita hiyo ikila gramu 300 kwa saa, oksijeni itashuka kutoka 21% hadi 18% kwa muda wa robo saa hivi. Ukiwasha kigae kimoja unapata dakika 40 na kitu. Kuanzia hapo moto unakosa hewa na kuanza kutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, na aliyelala hana habari.

Meko nayo ni ya kupikia. Kuiacha ikiwaka ili ipashe gari joto ni kosa lilelile kwa sufuria ndogo. Jiko la makaa ni baya zaidi ya yote, na hasa pale linapoonekana salama: makaa yaliyoshika vizuri, mekundu, bila moshi, ndiyo yanayomwaga kaboni monoksaidi kwa wingi. Gesi hiyo hushikamana na himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyofanya. Haina harufu, haina rangi, haikohozeshi.

Mwinuko unavuruga hata hita nzuri. Feni huvuta ujazo uleule wa hewa kila dakika, lakini Timboroa ujazo huo umebeba hewa pungufu kwa 28%. Gesi inayopita kwenye tundu dogo la jeti nayo hupungua, ila kwa 15% tu hivi. Matokeo yake moto unakuwa na gesi nyingi kuliko hewa yake. Ncha za bluu zinageuka njano, masizi yanajaa kwenye bomba, hita inajizima na kujiwasha, na nje unasikia harufu kali ya moshi unaochoma macho. Fundi wa haraka atakushauri upanue tundu kwa pini ili "moto upate nguvu". Kataa. Kinachotakiwa ni jeti ndogo zaidi au vifaa vya mwinuko kutoka kwa mtengenezaji, kwa hiyo kabla ya kulipa soma kwenye kijitabu hita imeidhinishwa hadi mita ngapi. Hita ndogo za kubebeka zenye kifaa cha kunusa upungufu wa oksijeni zinaweza kujizima zenyewe kuanzia futi 7,000, yaani mita 2,130 hivi. Mwenye kununua moja Nakuru, mita 1,850, ataona inawaka sawasawa, kisha Mau Summit igome. Haijaharibika.

Ukubwa: usinunue kubwa kwa woga. Hiace isiyokuwa na kitu kwenye bati, ikihitaji nyuzi 13 juu ya baridi ya nje, hupoteza karibu kilowati 1.8. Iwekwe fomu, yaani sponji ngumu ya kuzuia baridi, ya sentimita 2 au 3 kwenye kuta na dari, na vipande vya foili vilivyokatwa sawa na kila dirisha, upotevu unaweza kushuka hadi kilowati 0.7. Usiku wa saa nane unakuwa umetumia nusu kilo ya gesi hivi, badala ya kilo 1.2. Mtungi wa kilo 6 unatoka kwenye usiku wa tano hadi usiku wa kumi au zaidi. Anza na fomu, hita ifuate. Hita ya kilowati 2 inatosha na inabakiza.

Kufunga

Kisanduku cha mtungi kiwe na mlango unaofunguka kwa nje, kizibwe kabisa upande wa ndani, na sakafu yake iwe na tundu la kwenda chini lisilozibwa: sentimita 100 za mraba, au 2% ya eneo la sakafu ya kisanduku kama hiyo ni kubwa zaidi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu hadi mbili. Inashuka kama maji. Kwenye Hiace hutuama kwenye kile kidaraja cha mlango wa pembeni, ndiyo maana kengele ya gesi huwekwa chini, sentimita chache juu ya sakafu. Betri isiwekwe kwenye kisanduku hicho.

Regulata ifungwe juu kuliko valvu ya mtungi, na mpira upande kuielekea bila tumbo katikati, maana mafuta mazito yaliyomo kwenye gesi hukusanyika palipoinama na hatimaye huziba regulata. Linganisha milibari, yaani kipimo cha shinikizo, zilizoandikwa kwenye regulata na zile za kibati cha hita: 30 kwa 30. Regulata ya shinikizo kubwa ya majiko ya hoteli isikaribie. Mpira uwe wa gesi, mfupi, wenye tarehe, na ubadilishwe kabla haujapasuka unapoukunja. Mpira wa maji haufai hata kwa usiku mmoja. Kutoka hapo tumia bomba la shaba la milimita 8 lililobanwa kila nusu mita, lenye viungo vya kukaza kwa spana. Usiunge kwa risasi ya kuchomea: huyeyuka mapema kukiwa na moto.

Bomba la moshi liinamie nje ili maji ya mvuke yadondoke, lifike ukingoni mwa gari, lisiishie chini ya tumbo lake wala chini ya dirisha linalofunguka. Liwe mbali na tangi la mafuta na mabomba ya breki. Baada ya barabara ya matope ya Molo chungulia kama limezibwa.

Kupima uvujaji, koroga kijiko cha sabuni ya vyombo kwenye nusu lita ya maji, fungua mtungi huku hita ikiwa imezimwa, paka kila kiungo kwa brashi na usubiri dakika moja. Povu likiota, funga, kaza, rudia. Kiberiti hakipimi gesi.

Kengele ya kaboni monoksaidi iwekwe usawa wa kichwa cha anayelala. Zile zilizotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 50291 hulia ndani ya dakika 3 gesi hiyo ikifika sehemu 300 kwa milioni, na kati ya dakika 10 na 40 ikiwa sehemu 100. Nyuma yake kuna tarehe ya mwisho. Ikipita, ile taa ya kijani haina maana. Kichwa kikiuma, kichefuchefu na usingizi mzito mlimani, wengi husema ni uchovu wa safari au homa inayoanza. Wakiumwa kichwa wote waliomo ndani kwa wakati mmoja, tokeni kwanza, ndipo mzime mtungi kwa nje.

Asubuhi utakuta maji kwenye vioo. Kama ni pumzi za watu wawili, kufungua tundu la paa kidogo usiku kucha kunatosha. Kama meko iliwaka ndani kwa chai ya jioni, jua kwamba kila kilo ya gesi hutoa lita 1.6 za maji, na bati baridi huyapokea yote, yakateremka nyuma ya fomu na kuanza kutu kimyakimya. Pika mlango ukiwa wazi.

Kabla ya kuwasha injini, zima hita, acha feni ipoze chumba cha moto mpaka isimame yenyewe, halafu funga valvu ya mtungi kwa mkono. Fanya hivyo palepale ulipolala, usingoje kituo cha mafuta, kwa sababu hita inayojiwasha kwa kipimo cha joto inaweza kupiga cheche chini ya gari wakati mhudumu ameshika mpira wa petroli.