Homa iliyonikuta nikiwa kwenye kabimazoli

Mfamasia aliyenipa kabimazoli, dawa ya kutuliza tezi ya shingo, mara ya kwanza hakuwa muongeaji, alinielekeza dozi harakaharaka maana foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, lakini kabla hajanikabidhi boksi alichukua kalamu akaandika juu yake kwa herufi kubwa: HOMA AU KOO KUUMA, ACHA DAWA, PIMA DAMU SIKU HIYOHIYO. Akaniambia nimsomee. Nikasoma. Akaongeza, "Siyo kesho yake." Dada yangu alikuwa pembeni na yeye akasikia.

Nilikuwa nimetoka kugundulika na ugonjwa wa Graves. Kwa asiyeujua, kinga ya mwili inatengeneza antibodi zinazoshika tezi ya shingo palepale TSH, ile homoni inayoiamrisha tezi, inapotakiwa kushika, sasa tezi inadhani imeamrishwa kazi, inamwaga homoni zake, T4 na T3, bila breki wakati huku kwenye ubongo pituitari inayotoa TSH imeshanyamaza kabisa, ndo maana TSH yangu ilikuwa chini mpaka mashine inashindwa kuisoma. Moyo ulikuwa unaenda mbio hata nimelala, mikono inatetemeka mpaka kusaini siwezi, nakula sana na bado nakonda, nalia bila sababu. Nikaanzishiwa kabimazoli na propranololi ya kutuliza moyo. Propranololi niliisikia mapema, kabimazoli yenyewe inachelewa kwa sababu inazuia homoni mpya tu zisitengenezwe, zile ambazo tezi imeshaweka akiba zinaendelea kutoka kwa wiki kadhaa. Nikavumilia, na kweli usingizi ukarudi, kilo zikaanza kurudi, nikaanza kucheka tena.

Halafu jioni moja koo likaanza, na siyo lile la kuwasha, hapana, mate yalikuwa hayapiti. Usiku ukiwa umeingia homa ilifika 39.6, natetemeka, na ulimi una vidonda ambavyo asubuhi havikuwepo. Dada hakuniuliza hata kama nataka kwenda, alichukua boksi la dawa akaniambia, "Mdogo wangu inuka, tunaenda kupima damu."

Kituo cha kwanza, ambacho sitakitaja, daktari alinimulika koo akasema ni tonsi, akaandika antibayotiki za vidonge na dawa ya kushusha homa. Dada akamwambia kwa adabu kabisa, daktari samahani, huyu anatumia dawa ya tezi na tuliambiwa akipata homa apimwe damu leoleo. Akajibiwa tezi na tonsi ni vitu viwili tofauti, tukalale, homa isiposhuka tutapima kesho. Mimi wakati huo hata kubishana siwezi, nimeegemea ukuta. Dada akanishika mkono tukatoka, tukaenda hospitali kubwa moja kwa moja mapokezi ya dharura, na yule nesi aliposoma maandishi kwenye boksi tu akaniuliza nimeianza lini, akanitoa damu palepale kabla hata ya kuniandikisha.

Majibu yalipokuja walikuja watu watatu kitandani. Neutrofili, zile seli nyeupe zinazopigana na bakteria, zilikuwa 50 kwa kila mikrolita, wakati mtu mzima mwenye afya anakuwa nazo kuanzia kama 1,500 kwenda juu, na zikishuka chini ya 500 hapo ni hatari kweli. Yaani sikuwa na askari. Wanaita agranulositosisi. Daktari alinieleza taratibu, kwamba inampata mtu mmojammoja sana kati ya wanaotumia dawa hizi, mara nyingi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, na inashuka ghafla kiasi kwamba damu ya wiki chache nyuma inaweza kuwa safi, na yangu ilikuwa safi kweli, tuliangalia. Kwa hiyo kipimo cha nyuma hakikulindi, kinachokulinda ni kuijua dalili na kuwahi.

Kabimazoli ikakatwa usiku huohuo. Antibayotiki zikaanza kwa mshipa, nikawekwa chumba cha peke yangu, kila anayeingia kanawa na kavaa barakoa, nikachomwa na sindano za kuamsha uboho utengeneze seli. Kila asubuhi nilikuwa nasubiri namba moja tu. Siku za mwanzo haikusogea, na wallahi sijawahi kuogopa vile, maana nilikuwa najua kinachonilinda ni ile dripu peke yake. Kisha asubuhi moja ikapanda, kesho yake ikapanda zaidi, homa ikakata, nikaweza kumeza maji bila machozi.

Sasa tezi ilikuwa bado inawaka. Nikauliza si nipewe ile dawa nyingine ya tezi, propilithiourasili, daktari akakataa katakata, anayepata hili kwa dawa moja anaweza kulipata kwa hiyo nyingine pia, na methimazoli ndo kabisa, kwa kuwa kabimazoli ikishaingia mwilini inageuka kuwa methimazoli hiyohiyo. Tukabaki na propranololi kwa muda, halafu nikanywa iodini yenye mionzi, ile 131, inayokwenda kutulia kwenye tezi na kuichoma polepole. Miezi michache baadaye tezi ikalala, TSH ikapanda juu, na tangu hapo nameza levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, kila asubuhi tumbo likiwa tupu.

Kwenye faili langu wameandika kwa wino mwekundu: kabimazoli, methimazoli, propilithiourasili, asipewe. Nimelipiga picha liko kwenye simu yangu, na dada naye analo kwenye ya kwake.