Wageni wa Bamvua

Basi lilifika Watamu, pwani ya Kenya, karibu saa nne asubuhi, tarehe 31 Disemba 2009, limejaa akina mama wa chama kimoja cha Murang'a. Walikuwa wamesafiri usiku kucha, na wengi wao bahari walikuwa wameiona kwenye kalenda za ukutani tu. Waliteremka wakiimba, leso zimefungwa viunoni, wakapita chini ya minazi kwa mwendo wa harusi mpaka ufukweni. Pale wimbo ukakatika.

Bahari haikuwepo. Palikuwa na mchanga, mwani, majabali ya matumbawe yaliyochongoka, na mbali sana, nje ya visiwa, mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika mwambani. Vyombo vyote vilikuwa vimekaa nchi kavu, pamoja na mashua ya Ami, ndugu yake baba, ile yenye kioo sakafuni cha kutazamia samaki, ambayo ndiyo waliyokuwa wameilipia.

"Kijana," akaniuliza bibi mmoja mfupi aliyevaa sweta katika joto lile, "bahari imeenda wapi?"

Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, nasubiri matokeo, na Ami alikuwa amenichukua nimsaidie kupandisha wageni na kushika kamba. Nikamwamkia yule bibi, "Shikamoo." Akanijibu, "Mzuri sana." Wenzake walimwita shosho, na mimi nikamwita hivyo hivyo siku nzima.

Mama mwenyekiti alikuja na karatasi ya ratiba. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri na kufunikwa plastiki, kazi ya dalali wa safari wa huko kwao. Saa nne: mashua ya kioo. Saa sita: chakula. Saa nane: magofu ya Gede. Saa kumi: kuondoka kwenda Mombasa. Nimeshaziona ratiba nyingi za namna ile tangu siku hiyo, na zote zina ugonjwa mmoja: huandikwa na mtu aliyekaa mbele ya saa ya ukutani, huku pwani saa zetu tunaziangalia juu.

"Mzee, hapa imeandikwa saa nne, mashua," akasema mwenyekiti.

"Aliyeandika hapo, mama, hakuuliza mwezi," Ami akamjibu.

Akawaeleza taratibu, maana Ami hakuwa mtu wa kupandisha sauti mbele ya wanawake. Usiku wa siku ile mwezi ulikuwa mpevu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hutoka sana na huingia sana, na baina ya kupwa na kujaa kimo hupita mita tatu. Katika pwani yetu bamvua hupwa saa nne au saa tano hivi na kujaa kwenye saa kumi. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, hayaendi mbali wala hayaji kwa kishindo. Na kila siku maji huchelewa karibu dakika hamsini kuliko jana yake.

Wengi walimsikiliza kama abiria wanavyomsikiliza dereva akieleza kwa nini gari limeharibika. Lakini mweka hazina wao, mama mrefu mwenye miwani, alitoa daftari la chama, akafungua ukurasa wa nyuma na kuandika. Akauliza, "Dakika hamsini kila siku? Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili, mama."

Ami akawaambia wasivue viatu, kisha akaniamuru niwatembeze majabalini wakati yeye akizungumza na dereva kuhusu kuigeuza ratiba. Hakuna aliyelipia matembezi hayo wala hayakuandikwa popote, lakini ningekuwa mimi mgeni wa Watamu, ningeomba hayo kabla ya mashua. Bamvua likipwa, madimbwi hubaki kati ya mawe, na kila dimbwi lina wakazi wake. Niliwaonya juu ya vile viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu, maana mwiba wake ukikuingia hukatikia ndani ya nyama. Shosho aliinama kwenye dimbwi moja lililokuwa na kiti cha pweza, kile kiumbe cha bahari chenye umbo la nyota, chekundu, kikubwa kama sahani ya chai. Akadhani ni pambo. Nikamwambia asikiguse, akitazame tu. Alikaa pale muda mrefu mpaka akaviona vile vijiguu vidogo sana chini yake, mamia kwa mamia, laini, vikinyonya jiwe na kuachia, na kiti chenyewe kikisogea bila haraka yoyote.

"Kumbe kinatembea!" akapiga kelele. "Njooni! Hiki kitu kinatembea!"

Wakaja wote, na kile kiti cha pweza kikatazamwa na chama kizima.

Wakati huo mweka hazina alikuwa ameshajaza kiondo chake kauri na makombe. Ilinibidi nimwambie ayarudishe, nami nilikuwa mdogo na yeye ana umri wa mama yangu, basi nikaanzia mbali. Nikamweleza kwamba bahari hii ni hifadhi tangu mwaka 1968, pamoja na ile ya Malindi, na kwamba ndizo zilizotangulia Kenya. Kombe haliokotwi, tumbawe halivunjwi. Akaniambia makombe ni matupu, yana kosa gani? Kabla sijamjibu, moja likaanza kutembea ndani ya kiondo. Kulikuwa na kaa mdogo aliyejihamishia humo, kama walivyo kaa wa aina hiyo wasio na gamba la kutosha, ambao huishi katika nyumba za marehemu. Mama akakitupa kiondo, kikamwagika chote, na mjadala ukaishia hapo.

Maji ya bahari, hayo waliyachukua. Kila mmoja alikuja na chupa ya soda, wakatembea mpaka yalipoanzia maji na kuzijaza. Yule wa kuosha miguu ya mume wake, yule wa dawa ya ngozi, yule wa kumwonyesha jirani. Ami hakusema kitu. Wageni wa bara wamekuwa wakiyachota maji yale miaka yote na bado yapo.

Mchana tukaenda Gede. Safari yenyewe ni fupi, na ndiyo sababu inaniudhi kwamba wageni wengi hulala Watamu wiki nzima bila kufika pale. Ndani ya msitu kuna mji mzima wa mawe: msikiti mkuu, jumba la mfalme, nyumba zenye vyoo na mifereji, na mizizi ya miti imezishika kuta kama vidole. Kaburi moja lina tarehe ya Hijria inayolingana na mwaka 1399. Watu waliishi mji ule kwa karne kadhaa, wakiagiza vyombo vya kauri kutoka China, kisha katika karne ya 17 wakauhama. Mwaka 2024 magofu hayo yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Siku ile yalikuwa magofu tu, na kima waliokuwa wakitungoja juu ya ukuta. Mwenyekiti alinyang'anywa ndizi mbivu mkononi, akacheka mpaka machozi. Nadhani ndipo hasira yake ya ratiba ilipokwisha.

Shosho yeye alisimama kwenye kisima karibu na msikiti. Mwelekezaji alikuwa akieleza sababu zinazotajwa za watu kuhama: mashambulizi, na maji ya visima kuzidi kushuka. Watu walichimba, wakazidi kuchimba. Shosho alichungulia chini, akatupa jiwe, akasikiliza. Ni mkulima, mambo ya mvua na visima hahitaji kuelezwa.

"Haya ya hapa yalienda kabisa," akasema. "Yale ya asubuhi mzee amesema yatarudi. Amesema saa kumi, sivyo?"

Nikamwambia ndivyo. Akaangalia saa ya mwenzake.

Saa tisa tulikuwa Mida. Ghuba hii imejifungia nyuma ya Watamu, mikoko pande zote, na upande wa bara unaanzia msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao ndio mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake iliyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Katikati ya mikoko kuna daraja la mbao linaloning'inia kwa kamba, na mwisho wake kibanda cha kutazamia ndege. Kiingilio chake husaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vya jirani. Mweka hazina aliposikia hivyo alilipa bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo wenzake walilishangilia.

Daraja lile huyumba. Halina hatari, lakini ukilikanyaga hatua ya kwanza moyo hauamini. Mwenyekiti, aliyewaongoza wenzake tangu Murang'a, alishika kamba, akapiga hatua mbili, akarudi kinyumenyume na kutangaza kwamba lazima mtu abaki kulinda mikoba. Shosho akavua sweta kwa mara ya kwanza, akanikabidhi, akatangulia.

Nilimfuata nyuma. Chini yetu tope lilikuwa bado wazi, limejaa kaa wadogo wenye gando moja kubwa kuliko mwili, wakilipunga kama wanaita gari. Nikamwonyesha mbegu za mkoko zinavyoning'inia mtini zikiwa zimeshachipua, ndefu, kijani, tayari kuanguka na kujichomeka topeni. Kisha nikachuma jani la mchu, mmoja wa miti ya mikoko, na kumpa alilambe. Alinitazama kwanza kuona kama namchezea. Mchu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi yake kupitia majani, na wakati wa jua kali unaiona chumvi yenyewe, punje nyeupe ndogo ndogo. Akalamba. Akageuza upande wa pili, akalamba tena.

"Huu mti ungekuwa kwetu," akasema, "tungekuwa tumeumaliza kwa mboga."

Tulipofika kibandani maji yalikuwa yanaingia. Hayakuja kwa wimbi. Vijito vilianza kunyoosha vidole topeni, kila ukigeuza macho kisehemu kimepotea. Na jinsi maji yalivyosogea ndivyo ndege walivyosukumwa karibu nasi, maana wao hula kwenye tope lililo wazi na tope lilikuwa linakwisha. Kulikuwa na kundi la wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambao hula kaa na huzaliana kwenye fukwe za Uarabuni na Pembe ya Afrika kisha huja kukaa kwetu msimu wa kaskazi. Walisimama wengi pamoja, wote wakielekea upande mmoja. Akina mama, ambao hawakuwa wamenyamaza tangu asubuhi, wakaanza kubishana kwa sauti ya chini ni wangapi.

Saa kumi kasorobo tukasikia mashine. Ami alikuwa amengoja mashua ielee, akazunguka na kuingia na maji kupitia mlango wa Mida. Shosho akapiga makofi.

"Imerudi!"

Ndani ya ghuba kioo hakikuonyesha kitu ila maji ya rangi ya chai. Ami akawapeleka mpaka karibu na mlango, na pale maji yalipojaa na kusimama, kabla hayajaanza kugeuka, yalikuwa maji safi ya bahari kuu yaliyoingia. Kioo kikang'aa. Wakaona pono akimega jabali kwa meno yake, wakaona vile visamaki vidogo vya milia ya manjano na myeusi, wakaona changu wakipita kwa kundi. Ami akawaambia chini ya mwamba ule kuna mapango ya tewa, samaki wakubwa wanaoweza kumpita mtu kwa uzito, na wakati mwingine hutoka. Walitoa vichwa vyote juu ya kioo mpaka mashua ikainama na nikalazimika kuwagawa. Mweka hazina peke yake ndiye aliyesema amemwona tewa. Hakuna mwingine aliyemwona, wala mimi sikumwona, lakini aliliandika daftarini na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Tulipofika nchi kavu alifungua daftari lile lile na kudai punguzo. Hoja yake ilikuwa kwamba walilipia saa nne na wamehudumiwa saa kumi. Ami akamwambia kwa hesabu hiyo yeye ndiye anayedai, maana wamepata majabali, kaa na Mida, na hayo hayakuwa kwenye karatasi. Walibishana kirafiki kwa muda, mwisho Ami akarudisha kiasi kidogo, na mwenyekiti akamwekea mkononi kiasi kilekile kama zawadi. Basi likaondoka jua linazama.

Usiku ule mwezi ulipatwa. Haukupatwa wote, ulimegwa kipande pembeni tu. Tulikuwa tunatoka msikitini kuswali sala ya kupatwa kwa mwezi, inakaribia saa nne na nusu, simu ya Ami ikalia. Ilikuwa sauti ya mweka hazina, wako Mombasa, na nyuma yake kelele za mwaka mpya.

"Mzee, samahani kwa usiku. Huo mwezi wako tunauona hapa umeliwa kidogo. Ile hesabu ya maji bado ni ile ile?"

"Ile ile, mama," Ami akasema. "Kesho yatapwa kama saa tano. Watoe saa mbili, waoge mapema."

"Saa mbili," nikamsikia akirudia, na nyuma yake sauti ya shosho ikiuliza kama amesema mbili au tatu.