Siku moja ya mwalimu anayetisha watoto

Saa 11 alfajiri: maji, chai ya rangi, daladala. Saa 1 nipo mstarini. Wiki hii niko zamu, kwa hiyo wachelewaji wote ni wangu. Vipindi viwili vya mwanzo ni chaki na vumbi, basi.

Saa 4 naingia Kidato cha Kwanza A, vichwa 71, Historia ya Tanzania na Maadili. Ukiwaambia MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wataandika, watapiga mstari kwa rula, watasahau. Kwa hiyo nafunga madirisha. Nawasimulia mkata tiketi mstaafu anayegongewa mlango kila usiku. Ngo, ngo, ngo.

"Nani?"

"Daraja la tatu."

"Jina?"

"Hukuliandika."

Kimya, hata wale wa nyuma. Hapo nafungua madirisha na kushika chaki. Uwezo wa meli: abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake: watu 443. Daraja la tatu: hakuna orodha. Waliokufa, idadi inayotajwa mara nyingi ni 894. Na kule kugonga mlangoni sikukutunga. Meli ilipopinduka, waliokwama ndani waligonga bati na waokoaji wakawasikia; tumbo lake likatobolewa, hewa ikatoka, ikazama kabisa.

Wakitunga hadithi zao sharti langu ni moja: jini marufuku. Watoto wa ziwani wanampenda sana jini, na wakubwa pia, maana hapelekwi mahakamani.

Saa 5, muda wa uji, nakuta mzazi ofisini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa mizimu?"

Nikacheka. Kosa. Binti yake wa mkondo B, niliowasimulia juzi, halali bila taa. Dakika arobaini ananisaga: mizimu itatoka kwenye mtihani? Serikali inanilipa nitishe watoto? Uji unaganda. Mtaaluma anapita mara tatu akijifanya anatafuta faili. Nikatoa andalio la somo, nikaeleza ile 443, nikajiona nimeshinda. Akanyamaza kidogo.

"Kabla ya kusimulia, uliuliza nani ana mtu wake amelala Igoma?"

Sikuuliza. Miaka tisa nafundisha Mwanza hii hii, makaburi ya Igoma walikozikwa watu wa meli ile nayajua, na sikuuliza.

"Mama yangu alipandia meli bandari ya Kemondo," akasema. Daraja gani, sikuthubutu.

Baada ya hapo saa sizikumbuki. Kulikuwa na vipindi, kulikuwa na kikao kuhusu madawati, mtu mmoja aliongea mno. Daladala nilisimama mpaka nashuka.

Usiku, madaftari ya mkondo B. La binti yule nililiweka chini kabisa, likafika zamu yake vilevile. Mkata tiketi wake anafungua mlango, anawaomba radhi, anaanza kuwaandika mmoja mmoja. Foleni imefika ziwani. Kalamu inaishiwa wino, naye anaenda kugonga kwa jirani kuomba nyingine.

Kazi ilikuwa ya alama ishirini. Kalamu nyekundu ninayo mkononi, chai ya pili imeshapoa.